Je, "beguile" ni tusi au sifa?

Msomaji anayefundisha Kiingereza sekondari ameniandikia hivi:

"Neno beguile linanisumbua. Kwenye Biblia ya Kiingereza cha zamani Hawa anasema nyoka ndiye aliyemfanyia hivyo, na hapo ni uovu mtupu. Kwenye Macbeth, tamthilia ninayowasomesha wanafunzi, kuna maneno 'beguile the time', na mwongozo mmoja wa mitihani unasema maana yake ni kupitisha muda. Halafu tangazo la watalii linaisifu Zanzibar kuwa ni 'beguiling'. Kamusi imenipa danganya, pumbaza na furahisha, vyote mstari mmoja. Na juzi mwenzangu ameandika barua ya kumpendekeza mwalimu wa kike kwenye kazi, akamwita 'a beguiling teacher'. Anakusudia kumsifu. Nimwache au nimwambie afute?"

Mwalimu, nianze na mwongozo wa mitihani maana hilo ndilo lenye haraka: umewapotosha wanafunzi wako. Maneno "beguile the time" kweli hutumika kwa maana ya kupitisha muda, lakini pale Macbeth hayana maana hiyo hata kidogo. Nitaeleza mbele. La barua nalo lina jibu fupi, afute, ila sababu yake haitaeleweka mpaka tulichambue neno lenyewe, kwa hiyo nimeliweka mwisho.

Swali la tusi au sifa ndilo linalowachanganya wengi. Kamusi imeweka danganya na furahisha mstari mmoja kana kwamba maana mbili zimegongana njiani kwa bahati mbaya. Hazikugongana. Karibu kila mahali neno hili linapotumika, kuna kitu kinamtoka mtu bila yeye kusikia kikimtoka, kwa sababu muda huohuo anaonjeshwa kitu kitamu. Kinachomtoka chaweza kuwa akili ya kupima mambo, kiwanja, machozi, huzuni, au saa nne za safari ya basi. Kikiwa kiwanja, tutakwenda polisi. Zikiwa saa nne za basi, tutashukuru. Kitenzi ni kilekile. Kwa hiyo ukikutana nacho, kabla hujauliza kama ni kibaya au kizuri, uliza: kimemtoka nini, na kwa utamu gani?

Umbo la neno linasaidia kidogo. Mwanzoni kuna "be-", kiambishi awali cha kale kinachomweka mtu chini ya tendo: "befriend" ni kumfanya mtu rafiki, "belittle" ni kumdogosha. Kinachofuata ni "guile", lililoingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na huenda lina pacha wake, "wile", kama vile "guard" na "ward" walivyo mapacha. Kwa Kiswahili guile ni hila. Yesu anapomwona Nathanaeli akija, Biblia ya King James inasema ndani yake hamna "guile". Union Version, Biblia yetu ya Kiswahili, inasema "hamna hila ndani yake". Basi kwa mifupa yake tu, beguile ni kumtia mtu hilani. Na kwa kuwa unafundisha, waambie vijana u ya katikati haitamkwi. Imewekwa pale kuilinda g isilainike mbele ya i, kama kwenye "guide" na "guitar". Neno lina silabi mbili, mkazo uko kwenye ya pili: bi-GAIL. Nimeshasikia "begwile" redioni, na mtangazaji alikuwa na uhakika kabisa.

Sasa twende bustanini. Mwanzo 3:13, toleo la King James la mwaka 1611: "The serpent beguiled me, and I did eat." Union Version: "Nyoka alinidanganya, nikala." Tafsiri ya Kiswahili ni sahihi, wala sina ugomvi nayo, lakini soma tena mistari ya juu yake uone nyoka alifanya nini hasa. Alianza kwa kuuliza swali. Kisha akasema hamtakufa, macho yenu yatafumbuliwa, mtakuwa kama Mungu. Akanyamaza. Hakuchuma tunda, hakumshika mwanamke mkono, hata kusema "kula" hakusema. Mstari wa 6 unamwonyesha mwanamke akiutazama mti mwenyewe: wafaa kwa chakula, wapendeza macho, ni wa kutamanika kwa maarifa. Kazi iliyobaki ilifanywa na macho yake. Na cha ajabu, sehemu ya maneno ya nyoka ilitimia: mstari wa 7 macho yakafumbuliwa, na mstari wa 22 Mungu mwenyewe anasema mtu amekuwa kama mmoja wetu. Mle ndani mlikuwa na uongo, na mlikuwa na ukweli wa kutosha kuuficha uongo huo. Kilichomtoka Hawa ni lile katazo alilokuwa amelishika vizuri hata akaweza kumsomea nyoka kwa mdomo wake.

Angalia pia nani anasema. Ni mshtakiwa, anajitetea. Neno hili hupenda kukaa mdomoni mwa aliyetekwa, kwa sababu linambebea nusu ya lawama: nilikosa, ndiyo, lakini ungekuwa wewe? Ni nadra kusikia mtu akisema "I beguiled him" kuhusu tendo lake mwenyewe, labda kwa majigambo ya riwayani. Katika kauli ya kutendwa, "I was beguiled", linatoka kirahisi, na linabeba utetezi huohuo mpaka leo.

Lakini usijenge somo zima juu ya nyoka, kwa sababu King James inalitumia neno hilo pia mahali ambapo utamu hauonekani kabisa. Mwanzo 29, Yakobo amemtumikia Labani miaka 7 kwa ajili ya Raheli. Harusi imefanyika, usiku umepita, asubuhi anamkuta Lea, dada yake Raheli. Anamuuliza mkwewe "wherefore then hast thou beguiled me?" Hapo pana giza la usiku na baba mkwe mjanja, basi. Kwa Kiebrania vitenzi vya sehemu hizo mbili ni tofauti. Watafsiri wa 1611 ndio walioviweka chini ya neno moja, kwa sababu enzi zao beguile iliweza kusimamia udanganyifu wa aina yoyote. Leo Mwingereza akisimulia kisa cha Labani atasema "tricked" au "deceived". Neno limejivua ule udanganyifu mkavu, likabaki na ule wenye asali. Ndiyo maana matoleo mengi ya kisasa yameliacha hata kwa nyoka: NIV inasema "deceived", NRSV inasema "tricked". Kwangu mimi hiyo ni hasara, maana nyoka ndiye aliyelistahili kuliko wote.

Kuna sehemu ya tatu katika Biblia ninayoipenda zaidi kwa kufundishia. Wakolosai 2:18, King James: "Let no man beguile you of your reward." Angalia kile kihusishi "of". Union Version haikusema danganya. Imesema "Mtu asiwanyang'anye thawabu yenu". Hapo kitu kinachotoka kimetajwa waziwazi, na Kiswahili kikalazimika kuchagua kitenzi cha kunyang'anya. Muundo huu, "beguile mtu of kitu", ndio unaofungua mlango wa maana nyingine zote.

Mfano wangu bora wa muundo huo ni Othello. Tamthilia hii ya Shakespeare ina rekodi ya kuonyeshwa London mwezi Novemba 1604, yaani miaka saba tu kabla ya Biblia ya King James, kwa hiyo Kiingereza chake ni cha nyumba moja na kile cha Biblia. Othello ni jemadari mweusi aliyeajiriwa na dola ya Venisi. Amemwoa Desdemona kwa siri, na baba wa binti, mzee Brabantio, anamburuta mbele ya Mtawala akidai binti yake amelogwa: kwa nini msichana wa heshima aliyewakataa vijana matajiri wa mjini amkimbilie mtu huyu, kama hakupewa dawa? Othello anaombwa ajibu. Anasema mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwalika nyumbani na kumtaka asimulie maisha yake: vita, kuzingirwa, kutekwa na kuuzwa utumwani, majangwa, watu wanaokula watu. Desdemona alikuwa akisikiliza. Kazi za nyumbani zikimwita anakwenda, anazimaliza mbio, anarudi kukaa, anazimeza zile habari kwa sikio lenye njaa. Kisha Othello anasema mara nyingi "did beguile her of her tears", alipofikia mateso ya ujana wake.

Kilichomtoka Desdemona ni machozi, na baada ya machozi, moyo. Je, alidanganywa? Othello anakana uchawi wote. Anasema uganga alioutumia ni huo tu. Na Mtawala, aliyekaa pale kuhukumu, anakiri kwamba hadithi ile ingemchukua hata binti yake yeye. Hakuna uongo uliothibitishwa mbele ya baraza, na bado kitenzi ni beguile. Ukiweka "alimdanganya akalia" kwa Kiswahili, umemhukumu Othello kabla ya Mtawala. Ningetafsiri "nikawa namtoa machozi kwa masimulizi", na kama nafasi ingeruhusu, "bila mwenyewe kujijua".

Muda nao ni mali inayoweza kumtoka mtu, na hapa ndipo mtego wa mwongozo wako. Katika Twelfth Night, tamthilia iliyochezwa London Februari 1602, Antonio anamwambia rafiki yake azunguke kuutazama mji, "beguile the time", wakati yeye anakwenda kuagiza chakula. Hapo ni kupitisha muda, kwisha. Maana hiyo imeishi mpaka leo: "They beguiled the long journey with stories." Kiswahili kinaisema vizuri kuliko Kiingereza: walipiga hadithi njia nzima, safari wasiione.

Sasa Macbeth. Mfalme Duncan anakuja kulala nyumbani kwa Macbeth usiku huohuo, na Lady Macbeth, mke wa Macbeth, ameshaamua mfalme hatatoka hai. Anamtazama mumewe, anaona uso umebeba kila kitu. Anamwambia uso wako ni kitabu ambacho watu wanaweza kusoma humo mambo ya ajabu. Ndipo anatoa ushauri: "To beguile the time, look like the time." Hakuna mtu anayepitisha muda pale. Wana saa chache za kupanga mauaji na anamfundisha mume kuficha. "The time" ni watu wa saa ile, wageni, walimwengu kwa jumla: ukitaka kuwahadaa walimwengu, fanana nao. Na ushauri unaendelea: ukaribisho uwe machoni, mkononi, ulimini; fanana na ua lisilo na hatia, lakini uwe nyoka aliye chini yake. Nyoka yuleyule. Msikilizaji wa London wa siku zile, aliyezoea kusikia Mwanzo 3 kanisani, hakuhitaji kuelezwa. Mwanafunzi akiandika kwenye karatasi "to pass the time", mnyime alama, halafu mwonyeshe mstari unaofuata, atajikosoa mwenyewe.

Kiingereza cha sasa kina tabia chache za kuzijua. Kitenzi chenyewe kimekuwa cha maandishi, cha riwaya na safu za magazeti; mitaani London hutakisikia sana. Kivumishi chake, "beguiling", ndicho kilichostawi, na wanaokitumia zaidi ni waandishi wa uhakiki na wa utalii: sauti ya mwimbaji ni beguiling, manukato ni beguiling, mji wa kale wenye vichochoro ni beguiling. Ni sifa, lakini haijasafishwa kabisa. Mtu akisema swali ni "beguilingly simple" anakuonya: linaonekana jepesi, litakuangusha. Tangazo lako la Zanzibar linacheza na kivuli hichohicho kwa makusudi. Linamwahidi mtalii kwamba siku zake za likizo zitamtoka na hatajua zimekwenda wapi, na kwamba hilo ndilo analolipia. "Zanzibar inayoteka" inatosha. Ningekuwa na uhuru zaidi ningesema "kisiwa cha kukusahaulisha safari ya kurudi".

Kuhusu vihusishi, "into" humpeleka mtu kwenye tendo: "She beguiled him into signing", yaani alimlainisha mpaka akasaini. "Out of" humtoa mtu kwenye mali: "He beguiled the widow out of her plot", alimlaghai yule mjane mpaka kiwanja kikamtoka. "Of" peke yake, kama kwa Othello na Wakolosai, leo inanukia ukale. Na kuna jambo dogo la pembeni: Waingereza husema "while away the hours", yaani kupitisha saa, na wengine huandika "wile away", wakivutwa na yule pacha wa guile niliyemtaja na bila shaka na beguile pia. Kamusi nyingi siku hizi zinaikubali. Usimkate mtu alama.

Mahali ambapo neno halikai ni polisi na mahakamani. Mwanafunzi akiandika "I was beguiled by a phone scammer" sarufi iko sawa, lakini msahihishaji atacheka, maana ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauna utamu wowote wa kuusimulia. Hapo ni "conned", "scammed", au kwa lugha ya mashtaka "obtaining money by false pretences", ambayo magazeti yetu yanaiita kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Mtaani tunasema kaingizwa mjini, kapigwa changa la macho. Changa la macho linanisaidia kueleza tofauti: aliyepigwa changa hakuona kwa sababu mchanga uliingia machoni. Aliye-beguiliwa, kama utaniruhusu kuliburuta hivyo, alikuwa amekodoa macho, kama mtu aliyelipa kiingilio cha mazingaombwe akakaa kiti cha mbele.

Umeuliza pia, bila kulisema, Kiswahili kitumie lipi. Danganya ni pana mno. Mtoto aliyesema amenawa kumbe hajanawa amedanganya, na hakuna hila ya kutamanisha hapo. Laghai lina maneno matamu ndani yake, lakini haliwezi kamwe kuwa sifa. Kumvika mtu kilemba cha ukoka, au kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ni sifa za uongo, na Kiingereza kina "flatter" kwa kazi hiyo. Tongoza linabana upande wa mapenzi. Hadaa, tulilolipata kwa Waarabu, ndilo jirani wa karibu zaidi katika Kiswahili cha leo, kwa sababu hata kisicho na mdomo kinaweza kuhadaa: urembo humhadaa mtu, macho humhadaa mwenyewe. Beguile nayo haihitaji mdomo; bahari inaweza, harufu ya karafuu inaweza.

Lakini neno lenyewe hasa, kwa maoni yangu, tulikuwa nalo na tumeliacha litoke mikononi: ghuri, na nomino yake ghururi. Katika Kurani, sura ya 7, Shetani anapowaangusha Adamu na mkewe, ni kwa ghurur; kisa ni kilekile cha bustani, na Kiarabu kimechagua neno la kumtumainisha mtu kitu kisichotumainika. Washairi wa Pate na Lamu walilipenda. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anausuta moyo wake mwenyewe: "huyui dunia ina ghururi". Dunia anayoizungumzia haikusema uongo wowote. Ilikuwa na nyumba za matajiri wa Pate zenye taa, watumishi, na zidaka ukutani zilizopangwa vyombo vya kaure. Kisha anakuonyesha zidaka zilezile zikiwa viota vya ndege. Matajiri wale walighuriwa na walichokuwa nacho kweli. Mchana na usiku walikiona kwa macho na kukishika kwa mikono. Ukitafuta Kiswahili cha sentensi ya Kiingereza yenye uzito wa namna hii, usiogope kulirudisha. Msomaji wa pwani ataitika mara moja, na wa bara ataelewa kwa kusoma sentensi nzima.

Na kama unataka kuwafundisha vijana neno zima kwa dakika kumi bila kamusi, wasimulie punda wa dobi. Ni hadithi aliyoichapisha mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870 kati ya zile alizozikusanya Unguja, na ndani ya hadithi ya kima na papa ndimo ilimofichwa. Simba mgonjwa anataka nyama. Sungura anakwenda kwa punda jike na kumwambia ametumwa kuposa, Simba anamtaka awe mkewe. Punda anafurahi, anakwenda, Simba anamrukia, anamjeruhi, punda anaponyoka. Mpaka hapo ni udanganyifu wa kawaida na Kiingereza kitasema "tricked". Siku zinapita, sungura anarudi kwa punda yuleyule, mwenye makovu yaleyale, anamwambia Simba anakuita. Punda analalamika kwamba mara ya kwanza aliraruliwa. Sungura anamtuliza: ndivyo alivyo Simba, ndiyo maongezi yake. Na punda anaondoka naye kwa miguu yake minne.

Safari hii ya pili ndiyo beguile. Punda ana ushahidi mwilini na bado kile anachokitamani, kuposwa na mfalme, kina nguvu kuliko kovu. Alipouawa, Simba akataka moyo na masikio, sungura alikuwa ameshavila. Akajitetea kwamba punda huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Nimesimulia hadithi hii darasani na kila mara kuna mwanafunzi anayeuliza kama punda hakuwa mjinga tu. Mwache darasa limjibu. Wengine watamtetea punda kwa hasira, na hapo utajua wameelewa tofauti ya kudanganywa na kutekwa.

Wivu wangu kidogo kwa Kiingereza ni kwamba jirani za beguile karibu zote zimetoka kwa waganga. "Charm" asili yake ni neno la Kilatini la wimbo, na wimbo wa kulogea pia. "Enchant" ni kumwimbia mtu mpaka alogeke. "Bewitch" haifichi chochote. Hayo yamesahauliwa, na leo unaweza kumwita mtoto mchanga "charming" bila mtu kufikiria hirizi. Beguile, ndani ya Kiingereza, haikupitia kwa mganga. Imetoka kwa hila, na hila haisahauliki upesi kama uganga, labda kwa sababu waganga wa nyimbo wamepungua na wenye hila wapo.

Kwa sababu hiyohiyo, barua ya mwenzako isiende ilivyo. Katika uhakiki wa muziki, msomaji ameketi kutafuta raha, na beguiling humwahidi raha. Katika barua ya kazi, msomaji ameketi kutafuta kasoro. Akikuta "a beguiling teacher" atajiuliza swali lilelile nililokuambia ujiulize: wanafunzi walitokwa na nini? Zaidi ya hapo, neno hili likimkalia mwanamke huegemea upande wa sura na mvuto wa mwili, na mwajiri mwenye adabu ataona aibu kwa niaba ya mwandishi, asiye na adabu ataona kitu kingine. Mwenzako alitaka kusema kwamba anapofundisha, kipindi cha dakika 40 kinaisha na watoto hawakusikia kengele. Aandike hivyohivyo kwa maneno ya kawaida, au aweke "engaging", neno lisilo na historia ya kutisha. Mwambie pia afute na sentensi inayofuata kama ina "charming". Sijaiona barua, ila wanaoandika la kwanza huwa hawakosi la pili.